Bolti Mbili za Shingo

Fundi Tibari hakuwa mtu wa chuki, ila kuchomelea alikuchukia hasa. Ukimtajia tu, anatema mate pembeni. Na alikuwa na haki yake. Ujana wake wote uliishia kwenye soko la vyuma chakavu pembezoni mwa Casablanca, akichinja magari. Unaletewa gari limekunjika mbele, huku nyuma mlango mzima, rangi haijapauka, kioo kinapanda na kushuka vizuri, lakini bawaba zimechomelewa kwenye nguzo. Utafanya nini? Unawasha gesi, unakata, na mlango ulioingia mzima unatoka vipande. Nyusi zake zilishaungua zaidi ya mara moja. "Hivi hawa wanaoyaunda," alikuwa akifoka, "wanadhani magari hayafi? Mbona wao wenyewe wanakufa?"

Alipochoka kufoka akaunda la kwake. Alianza kutengeneza maguta, yale mapikipiki ya magurudumu matatu yenye boksi la mizigo nyuma, ambayo bila hayo Casablanca nzima isingepata nanaa, machungwa wala mtungi wa gesi. Injini na magurudumu alinunua. Fremu, kibanda cha dereva na boksi aliunda kwa mkono wake, na vyote akavifunga kwa bolti za saizi moja tu, namba kumi na tatu. Spana moja tu inatosha. Nyaya zilipita nje, ndani ya mpira, ili siku moja mtu azivute zote bila kukata hata moja. Guta la Tibari likigongwa leo, kesho mlango wake uko kwa muuza samaki, taa ziko kwa muuza mkaa, na kinachokwenda tanuruni ni kile tu kilichopinda kisichonyooka tena. "Likifa, lisife lote," alikuwa akisema, mpaka watu wakachoka kumsikia.

Jambo moja tu walimbishia. Shingo. Ni ule mhimili unaoshika usukani juu na gurudumu la mbele chini, na mafundi wengine wote waliuchomelea kwenye fremu. Tibari aliufunga kwa bolti mbili, ili nao utoke.

"Shingo ni shingo, Tibari," alimwambia Haji Bushaib, rafiki yake tangu utoto, mwenye duka la vipuri pale sokoni. "Umeona wapi mbuzi anafungwa shingo kwa nati?"

"Mbuzi haendi sokoni mara ya pili, Haji. Guta langu linakwenda."

Watu wakacheka, Haji akacheka pia, na shingo zikaendelea kufungwa kwa bolti. Maguta yalitoka bandani kwake moja baada ya jingine, yakajaa mtaani. Mwanawe wa pekee, Nufal, alipooa, Tibari alimpa moja, akiwa na furaha isiyo kifani. Nufal akalichorea kware kwenye mlango wa nyuma wa boksi, kware mnene mpaka watu wakamuuliza kama ni kuku, naye akawajibu kwamba njaa ndiyo inawafanya waone kuku kila mahali. Alibeba mizigo kwenda na kurudi Mediuna, akapata binti, akanenepa kidogo.

Siku moja alipitia bandani. "Baba, usukani unalia. Nikikata kona, unatoa mlio kama wa jino linalosagwa."

Tibari alitoa spana, akazikaza zile bolti mbili za shingo, akautikisa usukani. Ulitulia. "Haya, nenda. Usiendeshe kama mwizi."

Wiki haikuisha. Kwenye kona ya barabara ya Mediuna guta liliingia mtaroni, na Nufal akatolewa chini yake akiwa ameshakufa. Watu walisema alikata kona kwa kasi. Wengine walisema kulikuwa na lori. Watu husema.

Siku ya tatu ya msiba, Hadda, mama wa marehemu, akiwa bado amelala chumbani na wanawake wamemzunguka, ndipo Tibari alipolikumbuka gari. Akatoka kwenda kulitazama. Hakutaka kitu kingine, alitaka kuiona ile shingo tu. Hakulikuta. Lilikuwa limeletwa sokoni kwa lori wakati yeye yuko makaburini, na soko likalichinja siku ileile. Hata nati haikubaki. Gari lingine lolote lingeacha gofu, lingeacha fremu imekunjika ukutani, mtu akaishika, akalia juu yake. Lake halikuacha maiti. Ndivyo alivyoliunda mwenyewe.

"Tulitaka kukuondolea uchungu wa kuliona, Fundi," walimwambia. "Vipande vimekwenda. Unajua mwenyewe vinavyokwenda."

Kuanzia siku hiyo Tibari hakuunda guta jingine. Moja lilibaki bandani, limekamilika, halijauzwa, na yeye akazoea kupita mbele ya mlango wa banda akitazama upande wa pili. Swali lilikuwa moja, na lilimla kutoka ndani. Je, ni kona iliyomuua mwanangu, au ni bolti zangu?

Akaanza kutafuta. Pale sokoni kuna desturi: kipande kilichotoka kwenye gari lililoua mtu hupakwa hina, doa dogo tu pembeni, ili muuzaji asilazimike kusema na mnunuzi asilazimike kuuliza. Kipande cha hina hakipiganiwi bei. Basi Tibari alizunguka vichochoro vyote akitafuta doa la hina. Aliliona kwenye bampa la teksi, kwenye siti ya basi, kwenye usukani wa lori fulani, akasimama na kuwaombea dua wafu wa watu asiowajua. Cha Nufal hakukiona hata kimoja.

Alichokiona kilikuwa kingine. Asubuhi moja, glasi ya chai mkononi, aliona mlango wa nyuma wa guta ukitokomea kwenye kona ya uchochoro, na juu ya mlango ule kware mnene anamtazama. Alitupa glasi, akakimbia. Alipofika konani hapakuwa na kitu ila moshi. Wiki nyingine alisikia honi. Honi ya Nufal ilikuwa na ugonjwa wake, inakohoa kwanza ndipo inalia, na Tibari aliisikia ikikohoa nyuma ya msikiti, mchana kweupe. Akageuka kwa watu waliokaa mkahawani.

"Mmeisikia?"

"Kusikia nini, Fundi?" Wote macho chini, kila mtu anatazama nanaa kwenye glasi yake kana kwamba hajawahi kuiona.

Basi akajua kwamba ni yeye peke yake. Akawa mtu wa kushtuka. Akiwa anakula, anainua kichwa. Akiwa anasali, anasikia kikohozi kile na kusahau yuko rakaa ya ngapi. Hadda akamfukizia ubani nyumba nzima mpaka majirani wakalalamika. Akamwita fakihi, naye akamsomea Kurani, akamtemea mate ya baraka usoni.

"Ni mawazo, baba Nufal," Hadda alimwambia huku akimfuta. "Marehemu kapumzika. Wewe ndiye unayemtembeza."

"Mimi simtembezi, mke wangu. Anapita mwenyewe."

Ulipita mwaka wa hivyo. Kila Ijumaa mkwe wake Ghalia, mjane wa Nufal, alikuja na binti yake kula kuskusi, na kila Ijumaa walizungumza juu ya meno ya mtoto, bei ya nyanya, kila kitu isipokuwa kile. Mpaka Ijumaa moja Ghalia aliposukuma sahani pembeni.

"Baba, mdogo wangu Hisham amekosa kazi. Anataka guta. Amesikia kuna moja limebaki bandani kwako."

Tibari alimega tonge la kuskusi.

"Nimekuja nikuulize jambo, na naomba usinizungushe," Ghalia aliendelea. "Nimpe au nisimpe? Mtu mmoja nimeshamzika kwenye gari lako. Sikulaumu, sijui kilichotokea, hakuna anayejua. Lakini wewe ndiye uliyeliunda. Ukiniambia apande, atapanda."

"Ghalia!" Hadda alishtuka. "Hayo ni maneno ya mezani?"

"Mama, yatasemwa wapi sasa? Sisi hatukutani popote ila mezani."

Tibari alifuta mikono taratibu. Alitamani sana kusema ndiyo. Alitamani pia kusema hapana, lakini hapana ile ingekuwa ni kusema jingine, na hilo jingine hakuwa na uhakika nalo. "Nipe mpaka Ijumaa ijayo," akasema.

Kesho yake akatia spana ya kumi na tatu mfukoni akaenda kutazama maguta yake ya zamani. Wazo lilikuwa jepesi, akajishangaa kwamba halikumjia mapema. Kama shingo ya Nufal haipo, zipo shingo nyingine, dada zake, za umri uleule na barabara zilezile. Azifungue, azitazame.

Alianzia kwa muuza nanaa mbele ya msikiti. Mwenyewe alikuwa amekaa juu ya boksi, anafunga mafungu. Alipoona spana alishuka haraka.

"Karibu, Fundi! Afya? Nyumbani? Chukua nanaa, chukua, usilipe."

"Nitachukua. Ngoja nitazame shingo kidogo."

"Shingo haina neno, Fundi, wallahi haina neno. Mbona nzima kabisa!"

Tibari alishapiga goti. Alifungua bolti ya kwanza, ikatoka. Akafungua ya pili, ikatoka nayo. Akaushika usukani kwa mikono miwili akavuta. Haukusogea. Akavuta tena kwa nguvu zake zote, akaona ajabu: bolti zote mbili ziko mkononi mwake na shingo imekaa palepale, imara. Rangi ya pale ilikuwa nzito kuliko penginepo. Akachomoa kisu, akakwaruza. Chini ya rangi ukatokea mshono wa kuchomelea, mnene, umezunguka shingo yote.

"Nani kafanya hivi?"

Muuza nanaa akawa anahesabu mafungu yake. "Mimi nilikuta hivyo, Fundi."

"Ulikuta hivyo wapi, na guta ulinunua kwangu?"

Akaenda kwa muuza machungwa. Bolti zikatoka, shingo ikabaki. Chini ya rangi, mshono. Dereva wa mitungi ya gesi alimwona kwa mbali anakuja na spana, akawasha injini, akaondoka na mitungi yake inagongana, bila hata kusubiri mwenye duka amlipe. Tibari akasimama katikati ya barabara, spana mkononi, watu wakimpita. Zile bolti walikuwa wameziacha kwa ajili ya macho yake tu. Alikuwa ameshalijua jibu. Miguu yake ilimpeleka kwa Haji Bushaib ili mtu alitamke.

Haji alikuwa anakula mkate na zeituni nyuma ya meza ya duka. Alimtazama usoni, akasukuma sahani.

"Keti, Tibari."

"Sikai. Nani kachomelea maguta yangu?"

Haji alifunika zeituni kwa kitambaa, akachukua muda mrefu kufanya hivyo. "Sote," akasema.

"Sote nani?"

"Soko zima, ndugu yangu. Tuliwaita wenye maguta mmoja mmoja, kule mwisho wa soko ambako huendi. Tukawachomelea bure, tukapaka rangi. Tukawaambia wasikwambie."

"Kwa nini?"

"Usinifanye niseme."

"Sema, Haji! Mwaka mzima nimekuwa nikitafuta mtu wa kusema!"

Haji Bushaib akasema, na alisema akitazama mlango. Siku ya maziko gari lilipoletwa, shingo aliifungua yeye kwa mkono wake. Pembeni ya tundu la bolti palikuwa na ufa uliozunguka hadi ng'ambo, na shingo ilikuwa imekatikia hapo. "Nikautazama ule ufa kwa karibu. Ndani ulikuwa na kutu, Tibari. Kutu. Haukuwa ufa wa siku ile."

Tibari akakaa. Hakuna aliyemwambia tena akae, alikaa mwenyewe, kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kutu maana yake ufa ulikuwepo muda mrefu. Ulikuwepo siku ile kijana aliposema usukani unalia kama jino, na baba mtu akachukua spana akaukaza, akauziba mdomo.

"Iko wapi?" aliuliza.

"Niliipeleka tanuruni jioni ileile. Sikutaka iwe mahali popote duniani ambapo unaweza kuikuta."

"Na vingine?"

"Vinatembea. Mlango, boksi, taa, honi. Hatukupaka hina, Mungu atusamehe, kwa sababu tuliona unazunguka ukitafuta hina. Na waliovichukua tuliwaambia wakikuona wakate kona."

"Kwa hiyo yule kware..."

"Yupo. Yuko kwa kijana mmoja anabeba vigae."

"Na honi?"

"Ipo."

"Kwa hiyo mimi sina wazimu."

"Huna, ndugu yangu. Hujawahi kuwa nao."

"Mke wangu kanifukizia ubani mwaka mzima, Bushaib! Fakihi kanitemea mate usoni! Nimekuwa nikimwona mwanangu anapita, nikimkimbilia ananikimbia, nikasema ana kinyongo na mimi, hataki kunitazama. Kumbe ni nyie?" Alilia pale kwenye ndoo, kwa sauti kubwa, wapita njia wakasimama mlangoni, Haji akawafukuza kwa mkono.

"Tulikusitiri, Tibari."

"Mngeniambia. Ningejua nalia nini."

"Ungejua. Halafu ungeishije?" Haji naye macho yalikuwa yamelowa. "Mimi sikuwa na jibu la hapo. Ndiyo maana nikanyamaza."

Tibari alipanguza uso kwa mkono wa kanzu, akainuka. "Niazime mashine yako ya kuchomelea."

"Nitakuja nikuchomelee mimi."

"Hapana. Niazime mashine."

Banda lilinuka vumbi na grisi iliyokauka. Tibari alifungua zile bolti mbili za guta la mwisho, akazitupa kwenye ndoo ya vyuma, akapiga msasa mpaka chuma kikawa cheupe. Hakuwa ameshika fimbo ya kuchomelea tangu ujana wake, tena siku zile alikuwa fundi wa kukata, si wa kuunga. Mshono wa kwanza ulikuwa mbaya. Aliuondoa akaanza upya. Wa pili nao ulikuwa mbaya ila ulishika, akaugonga kwa nyundo, akaurudia, akaugonga tena. Shingo ile haitatoka kamwe. Siku guta lile litakapokufa, itabidi likatwe kwa gesi kama magari ya wajinga wengine, na kipande kizima cha mbele kipotee. Alilijua hilo na akaendelea. Rangi hakupaka.

Ijumaa Ghalia alikuja na Hisham kabla ya chakula, wakamfuata bandani. Hisham alikuwa kijana mwenye mabega, ana haraka, tayari amepanda kwenye kiti anajaribu breki na kucheka peke yake. Ghalia alizunguka guta polepole. Alikuwa ameishi miaka mingi na mtu wa maguta, na maneno ya baba mkwe wake juu ya bolti alikuwa ameyasikia mara nyingi mno. Alipofika mbele alisimama. Akaweka kidole juu ya mshono, akaufuata kuanzia upande mmoja wa shingo hadi mwingine.

"Kwa hiyo ndiyo," akasema.

"Ndiyo, binti yangu."

"Zilikuwa bolti."

"Zilikuwa bolti zangu. Na aliniambia usukani unalia, nikazikaza nikamwambia nenda." Alisema haraka haraka, asije akashindwa. "Mwanangu nimemuua mimi."

Hisham aliacha kucheza na breki. Nje mtu alikuwa anaburuta bati, akalipitisha, akapotea nalo.

"Nani mwingine anajua?" Ghalia aliuliza.

"Wote. Soko zima."

"Wote?"

"Isipokuwa sisi wenye msiba."

Ghalia alijifunika uso kwa ushungi wake. Mabega yalimtikisika, na Tibari hakuthubutu kumsogelea. Alipofunua uso ulikuwa umelowa na umejaa hasira. "Mwaka mzima wananisalimia. Wananiuliza mtoto hajambo. Wananiongezea nyanya kwenye mzani." Akapumua. "Nilikuja hapa nimejiandaa kukuchukia, baba. Tangu Ijumaa ile nimejiandaa. Na sasa nikuchukie vipi, na wewe ndiye mtu pekee katika mji huu aliyeniambia kweli? Nikikuchukia wewe, nitabaki na nani?"



"Washa," Ghalia alimwambia mdogo wake.

Guta likawaka kwa teke la kwanza. Hisham alitia gia, lakini halikwenda, kwa sababu Tibari alikuwa amesimama mbele na ameshika usukani kwa mikono yote miwili.

"Ngoja," alisema. "Ngoja niugonge mara moja tena."

"Umeshaugonga, baba. Alama za nyundo zimejaa."

"Mara moja tu."

"Baba. Mwache aende."

Alitaka kuachia. Mwenyewe aliona anaachia, lakini mikono ilibaki pale, inatetemeka pamoja na injini, naye anasema ngoja, ngoja, kwa sauti ndogo isiyofika hata kwa Hisham. Ghalia akamsogelea, akamfungua vidole kimoja kimoja, akaishika ile mikono ndani ya mikono yake, na guta likatoka.